Miezi Kumi Bila Usukani

Tarehe 1 Mei 2022 maelfu ya Waingereza wanaoishi Hispania waliamkia hali ngumu: gari lipo uani, bima imelipwa, mafuta yamo, lakini hawaruhusiwi kuliendesha. Leseni ya Uingereza ilikuwa haitambuliki tena kwa mtu aliyehamia huko. Wengi wao walikuwa wastaafu, watu waliouza nyumba zao kwenye baridi ya kwao ili wazeekee kwenye jua la Alicante na Málaga.

Chanzo kilikuwa Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya. Zamani leseni ya nchi mwanachama ilitosha kote. Kipindi cha mpito kilipokwisha, Desemba 31, 2020, waliokuwa wamekwisha kubadilisha leseni zao, au angalau kujiandikisha mapema kwamba wanataka kubadilisha, walisalimika. Waliobaki wakaongezewa muda, kisha wakaongezewa tena, hata wakaamini nyongeza haitakoma. Ilikoma.

Msomaji wa Dar es Salaam atauliza: kwani hakuna mabasi? Katikati ya miji yapo, tena mazuri. Lakini wageni wengi hawakununua nyumba mjini. Walinunua kwenye vitongoji vipya vilivyojengwa vilimani, penye bustani na mandhari ya bahari, ambako duka la dawa liko kilomita kadhaa na barabara haina hata njia ya waenda kwa miguu. Hakuna bodaboda ya kuita pale. Mara nyingi mume ndiye pekee aliyekuwa akiendesha, na mke ndiye mwenye miadi ya hospitali. Balozi wao wa wakati huo, Hugh Elliott, alikuwa akitoa taarifa za video mara kwa mara kueleza mazungumzo yamefika wapi, na kila taarifa isiyo na tarehe iliwaongezea wazee hao unyonge.

Wapo walioamua kurudi darasani. Mtihani wa nadharia wa Hispania una maswali 30, na ukikosa zaidi ya matatu umeanguka. Unaweza kuufanya kwa Kiingereza, ila barabarani maelekezo ya mtahini ni ya Kihispania. Fikiria mzee wa miaka 70 aliyeendesha maisha yake yote, anaketi kando ya mwalimu wa umri wa mjukuu wake. Machi 16, 2023 ndipo makubaliano ya serikali mbili yalipoanza kazi: wakapewa miezi sita ya kuendesha kwa leseni ya kwao huku wakiibadilisha bila mtihani. Ilikuwa imepita zaidi ya miezi kumi.

Kuna wanaosema walijitakia, kwa kuwa walionywa. Sikubaliani nao. Uzembe kidogo ulikuwepo, lakini serikali mbili zenye wanasheria tele hazikupaswa kuwaacha wazee wamekwama majumbani kwa jambo ambalo mwishowe lilimalizwa kwa saini. Hata hivyo, kwa yeyote anayewaza kustaafia ugenini, nasema wazi: leseni kwanza, nyumba baadaye.

Gari lenyewe nalo lina safari yake ya makaratasi. Hispania huwezi kuandikishiwa gari bila namba ya utambulisho wa mgeni, NIE, pamoja na uthibitisho wa makazi, ambao kwa kawaida ni cheti cha kujiandikisha kwenye halmashauri. Kwa gari lililotumika, hatari kubwa ni madeni. Mkopo au amri ya kukamata mali inaweza kubaki kwenye gari hata baada ya kuuzwa, na kama kodi ya gari ya halmashauri ya mwaka uliopita haijalipwa, umiliki haubadiliki. Kabla ya kutoa hela, omba ripoti ya gari kutoka mamlaka ya usafiri, DGT. Wengi humlipa gestor, wakala mwenye leseni ya kushughulikia makaratasi ya serikali, na kwa mtu asiyejua Kihispania ada hiyo ni halali yake.

Wengine hutaka kwenda na gari lao walilolizoea. Aliyekaa nje ya Umoja wa Ulaya kwa miezi 12 na kulitumia gari kwa miezi sita kabla ya kuhama anaweza kusamehewa ushuru wa forodha wa asilimia 10 na VAT ya asilimia 21. Lakini usukani unabaki kulia katika nchi inayoendesha kulia. Watu wa Bujumbura wanaijua adha hiyo kutokana na magari ya Japani: ukitaka kulipita lori, huoni mbele mpaka umeshajitokeza. Tena taa za mbele lazima zibadilishwe, maana zinawamulika wanaokuja. Kwa macho ya uzeeni, ningeliuza gari hilo Uingereza.

Macho yenyewe hupimwa. Uingereza, kuanzia miaka 70, dereva hujaza fomu kila miaka mitatu akijitangaza kuwa mzima. Hispania, ukifika 65 leseni ya kawaida hudumu miaka mitano tu, na kila ukiihuisha unapita kituo cha afya ya madereva. Hapo hupimwa kuona na kusikia, kisha unashika vishikio viwili na kuongoza alama mbili zisitoke nje ya njia zinazopinda kwenye skrini. Wageni hulalamika. Mimi naona utaratibu huo una huruma zaidi, kwa dereva na kwa mtoto anayevuka barabara.

Na siku itakuja daktari atakaposema basi. Aliyenunua nyumba jirani na kituo cha tramu inayofuata pwani kutoka Alicante hadi Benidorm, na kuunganisha hadi Denia, bado atafika sokoni na hospitalini. Aliye kilimani atamtegemea jirani. Kwa hiyo kabla ya kusaini mkataba wa nyumba, nenda siku moja bila gari, ukachukue dawa na mkate, urudi.