Ini la Panya Mnene

Ukimchinja kuku wa mayai aliyenenepa bandani, mara nyingine utakuta ini lake halina ile rangi ya damu ya mzee. Ni la manjano, limevimba, na ukilibonyeza linameguka. Limejaa mafuta. Ini la panya mnene wa maabara huonekana vivyo hivyo, na la binadamu pia, ila letu hatulioni. Linajaa kimya kimya kwa miaka, pengine bila hata kuuma.

Panya huyo mnene hakutengenezwa na mtu. Mwaka 1949, katika Maabara ya Jackson huko Bar Harbor, Marekani, walionekana panya wachache waliokula bila kukoma hadi wakawa na uzito wa karibu mara tatu ya wenzao. Douglas Coleman, mtafiti wa hapo hapo, baadaye aliunganisha mizunguko ya damu ya panya wawili wawili, akatambua kwamba wanene hao wanakosa kitu kinachosafiri katika damu. Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, wakaipata jeni yenyewe. Homoni yake ikaitwa leptini: hutoka kwenye mafuta ya mwili na kuuarifu ubongo kwamba akiba inatosha. Panya asiyekuwa nayo huwa na njaa isiyoisha, na mafuta yanayokosa pa kuwekwa huishia kwenye ini.

Mwaka 2000 kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, akiwemo daktari wa ini Anna Mae Diehl, lilitangaza kwamba limewapa panya hao metformini. Aliye na kisukari, au anayemuuguza mzazi mwenye kisukari, anaijua dawa hii: vile vidonge vinavyomezwa pamoja na chakula. Katika panya wale, ini lililovimba lilinywea, mafuta yakapungua, na vimeng'enya vinavyovuja kuingia damuni ini linapoumia vikashuka.

Inafanyaje kazi? Dawa ikishanyonywa na utumbo hupita kwanza kwenye ini kabla ya kusambaa mwilini, kwa hiyo ini hupata kiasi kikubwa kuliko viungo vingi. Ndani ya seli huzibana kidogo mitokondria, yale majiko yanayoipa seli nguvu. Moto ukipungua, seli hujiona ina upungufu na kuamsha kimeng'enya kinachofanya kazi ya mweka hazina wa nyumba yenye shida: matumizi yasiyo ya lazima husitishwa, akiba ikafunguliwa. Kutengeneza mafuta mapya ni matumizi ya namna hiyo, hivyo hupunguzwa, na mafuta yaliyokwisha kuwekwa huanza kuchomwa.

Hapo mtafiti makini hujiuliza kama ini limepona kwa dawa, au kwa sababu dawa imemkata panya hamu ya kula. Ndiyo maana katika majaribio ya aina hii huwekwa kundi jingine la panya wasiopewa dawa, wakapimiwa chakula kile kile walichokula wenzao, gramu kwa gramu. Bila kundi hilo, mimi huwa nayasoma matokeo kwa mashaka.

Matumaini yalikuwa makubwa, na nasikitika kwamba kwa binadamu hayakutimia. Mwaka 2011 yalitoka matokeo ya jaribio lililohusisha watoto na vijana 173 wenye mafuta kwenye ini huko Marekani. Kimeng'enya kinachovuja ini linapoumia kilishuka na kubaki chini kwa asilimia 16 ya waliopewa metformini. Kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa, ilikuwa asilimia 17. Metformini ikabaki dawa nzuri ya kisukari, na mgonjwa asiiache kwa ajili ya habari hii. Ila si tiba ya ini lenye mafuta.

Panya hakudanganya. Yeye alikosa homoni moja, wakati wengi wetu tunaonenepa tunayo leptini tele, ila ubongo umeacha kuisikiliza. Tena kuna jambo zito zaidi. Kinachoua katika ugonjwa huu ni makovu yanayoligeuza ini kuwa gumu, kuliko mafuta yenyewe, na leptini ni mojawapo ya vitu vinavyochochea makovu hayo. Panya asiyekuwa na leptini hujaa mafuta lakini ni nadra sana kupata kovu. Aliulizwa kuhusu mafuta, akajibu kuhusu mafuta.

Dawa nyingine imefika mbali zaidi. Semaglutidi, ya jamii ya dawa zinazoiga homoni ya utumbo na kupunguza hamu ya kula, iliidhinishwa Marekani mwaka 2025 kwa wenye ini lililoanza kupata makovu. Resmetiromu iliitangulia mwaka 2024.

Siku hizi watafiti wengi hutumia panya wenye leptini yao, wakawanenepesha kwa miezi kwa chakula chenye mafuta, sukari ya matunda na kolesteroli, mpaka makovu yatokee. Kabla ya kuanza dawa humpasua kila mmoja wakiwa wamempa nusukaputi, wakakata kipande kidogo cha ini na kumshona. Jaribio likiisha, ini la panya huyo hulinganishwa na kile kipande chake mwenyewe.