Bodi Ileile, Spea Zaidi: Fundi wa Bumbuli Atumie Hela Wapi Kwanza?

Kasha la plastiki limeshatobolewa, skrubu zimekaa, kontrola ya sola inafanya kazi. Sasa mteja wa kule Mponde anataka nyongeza mbili: taa zijizime betri ikishuka sana, na tundu la USB la kuchajia simu. Kasha ni lilelile. Bodi ya matundu iliyomo ndani ni ya sentimita 5 kwa 7, safu 18 kwa 24, yaani matundu 432, na imejaa.

Mafundi wengi hapa hukimbilia kutafuta risista ndogo. Mimi naona waanze na joto, maana ndilo linalokula nafasi. Chukua hilo tundu la USB. Ukitumia aisii ya 7805 kushusha volti 12 ya betri hadi 5, na simu ikavuta ampea 1, volti 7 zilizobaki zinageuka wati 7 za joto. Wati 7 zinadai bamba la alumini la kupozea ambalo ndani ya kasha hilo halina pa kukaa. Moduli ya kushusha volti kwa kuwasha na kuzima kwa kasi, ile yenye koili, ikifanya kazi kwa asilimia 85 inapoteza kama wati 0.9 tu kwa mzigo huohuo. Bei yake iko juu ya 7805, sawa, lakini linganisha kwa haki: weka na bei ya alumini, skrubu zake, na kasha kubwa ambalo ungelazimika kununua. Tena moduli hiyo inaweza kuinuliwa kwa pini juu ya spea fupi, ikawa ghorofa ya pili. Iache tu hewa ipite chini yake.

Ukishamaliza hapo, rudi kwenye risista. Kuzisimamisha hakugharimu kitu. Risista ya robo wati ikilazwa hula matundu matano. Ikisimama, mguu mmoja ukakunjwa ushuke kando, hula mawili. Kwa risista 20 ni matundu 100 dhidi ya 40. Visha mguu mrefu ganda la waya, kwa sababu mzigo unaopanda na basi kutoka Soni unatikiswa, na miguu miwili ikigusana utaitiwa kazi hiyo upya.

Kama bado hapatoshi, geuza bodi. Upande wa shaba uko mtupu, na unafaa spea za kubandika, zile SMD zisizo na miguu ya waya. Saizi ya 1206 ina urefu wa milimita 3.2, na matundu yetu yameachana milimita 2.54, kwa hiyo inakaa vizuri kati ya vituo viwili jirani vya shaba, hata vile vilivyoshika miguu ya aisii ya upande wa juu. Usishawishike na 0805 kwa kuwa ni ndogo zaidi. 1206 hubeba robo wati, sawa na risista yenye miguu. 0805 hubeba nusu ya hapo. Taa ya kuonyesha chaji yenye risista ya ohmu 1,200, betri ikiwa volti 14.4, inaipa risista hiyo takriban wati 0.128. Ukomo wa 0805 ni 0.125. Taa itawaka vizuri mezani, kisha risista itakuwa inaungua polepole nyumbani kwa mteja.

Spea hizi unaweza kuzing'oa kwenye bodi mbovu kwa msaada wa fundi simu mwenye bloa. Risista za 1206 zina namba juu, unazisoma. Kapasita za kauri hazina maandishi yoyote, kwa hiyo bila mita ya kupima kapasita ni heri uagize mpya Kariakoo.

Bodi ya kiwandani je? Kampuni ya JLCPCB ya Shenzhen imekuwa ikitangaza bodi 5 za tabaka mbili, zisizozidi milimita 100 kwa 100, kwa dola 2. Bei hiyo inavutia mpaka uone ya kusafirisha, inayoizidi mara kadhaa, na kodi juu yake. Kwa kontrola moja ni hasara. Ukiwa na oda za kumi na kuendelea, hesabu inageuka.

Maikrokontrola kama ATtiny85, yenye miguu minane, inaweza kushika kazi ya aisii mbili tatu na risista zake. Kwa nafasi hakuna kinachoishinda. Ila ikifa, anayeitengeneza lazima awe na programu yako. Fundi mwingine akifungua kasha ataona aisii moja isiyosema kitu. Kwa mteja wa mbali mimi ningebaki na LM393, aisii ya kulinganisha volti, ambayo spea yake ni rahisi kupata.

Gharama moja ya mwisho husahaulika: vanishi. Spea zikibanana, mabaki ya fluksi katikati ya miguu hunyonya unyevu, na ukungu wa Bumbuli hauna msimu wa kuaminika. Safisha kwa spiriti na mswaki, acha ikauke kabisa, jaribu kontrola kwa siku nzima, ndipo upake. Vituo vya skrubu vizibe kwa utepe kwanza, la sivyo waya za betri hazitashika umeme.