Wagogo na Wachaga: Kwa Nini Hali Zao Zilipishana

Viongozi wa vikundi, kabla hatujaanza, andikeni ubaoni maneno haya matano: mvua, kihamba, ushirika, karo, hati. Yote yatatokea katika somo. Neno likitajwa, mmoja wenu asimame alionyeshe kwa kijiti, na wengine walisome kwa sauti.

Somo la leo limetokana na swali la mama mmoja wa darasa la Makutupora. Nasema Makutupora hii yetu ya Dodoma, kaskazini ya mji, si ile ya wilaya ya Manyoni. Mama huyo aliuliza hivi: “Mbona maduka makubwa ya barabarani si yetu sisi Wagogo? Mengi tunaambiwa ni ya Wachaga na ya wageni wengine. Na mbona sisi tukifika mjini tunaitwa ombaomba? Je, wao wamezaliwa na akili kuliko sisi?”

Ni swali zuri, na linaumiza. Watu wengi hulijibu kwa mzaha. Husema Mgogo ni mvivu, Mchaga anapenda fedha, basi wamemaliza. Mimi nasema jibu hilo si jibu. Tukitaka kujua kwa nini shamba moja limezaa na jingine halikuzaa, hatuanzi kwa kumtukana mkulima. Tunatazama ardhi, mbegu, maji na soko.

Kwanza tujue hesabu. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1957, Wachaga walikuwa yapata 318,000, na Wagogo yapata 299,000. Mnaona? Karibu sawa. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba kabila moja lilikuwa kubwa na jingine dogo. Baada ya hesabu ya mwaka 1967 serikali iliacha kuwauliza watu kabila lao, na kwa maoni yangu ilifanya vizuri. Ndiyo maana siku hizi tunalinganisha mikoa, si makabila.

Pili, reli. Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910. Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi karibu wakati huo huo. Kwa hiyo si reli iliyotutenga.

Tatu, wamisionari. Wengi hudhani Wachaga walisoma mapema kwa sababu wamisionari walikwenda kwao kwanza. Sivyo. Wamisionari wa Kiingereza walikuwa wamefika Mpwapwa tangu miaka ya 1870. Kilimanjaro waliweka makao katika miaka ya 1880. Ugogo ilitangulia! Basi ikiwa watu walikuwa karibu sawa kwa idadi, reli ilifika pamoja, na wamisionari walianzia kwetu, nini kilichotupambanua?

(Hapa kiongozi azime redio kidogo. Kikundi kijibu swali hilo, kisha redio iwashwe.)

Nadhani wengi mmesema mvua. Mmesema kweli. Dodoma hupata mvua yapata milimita 570 kwa mwaka. Kama ungeweka nje pipa lililonyooka, likapokea mvua ya mwaka mzima pasipo kupungua, maji yangefika juu kidogo ya goti. Na mvua hiyo hunyesha karibu yote kati ya Desemba na Aprili, kisha ni jua miezi saba. Lakini ubavu wa kusini wa Mlima Kilimanjaro, kule kunakolimwa kahawa, hupata milimita 1,000 hadi 2,000. Katika pipa lile lile maji yangefika kiunoni mwa mtu, au yangemfunika kabisa. Tena kule kuna masika na vuli, na tangu zamani Wachaga wenyewe walichimba mifereji ya kuteremsha maji ya mito mpaka mashambani.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye kiini cha somo. Mchaga ana shamba lake la urithi liitwalo kihamba. Nyumba imo humo, migomba imo humo, na chini ya migomba hupandwa kahawa. Migomba humpa chakula mwaka mzima. Basi kahawa haili. Kahawa yote ni ya kuuza. Mgogo analima uwele na mtama. Mazao hayo yanastahimili jua, lakini ndiyo chakula chenyewe. Akiuza gunia, ameuza uji wa watoto wake. Akiba yake ni ng'ombe. Na ng'ombe ni benki nzuri mpaka mwaka wa njaa. Mwaka huo kila mtu anataka kuuza ng'ombe na kila mtu anataka kununua nafaka. Bei ya ng'ombe huanguka na bei ya nafaka hupanda, siku ile ile, katika mnada ule ule. Ndivyo mtu mwenye zizi alivyoweza kuingia katika njaa na mifugo, akatoka hana kitu.

Si kwa sababu hakufanya kazi. Kulima mtama katika udongo mgumu, kuchunga, na kuchota maji ya mbali ni kazi kubwa kuliko nyingi. Kama mnataka ushahidi, twendeni Kongwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa kulima karanga, na Kongwa ikawa mahali pa kwanza. Walikuwa na matrekta, wataalamu na fedha zisizohesabika. Mvua ikapungua, na udongo ukakauka ukawa mgumu kama sakafu. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na zaidi ya paundi milioni 35 zilikuwa zimepotea. Hakuna aliyewaita Waingereza wale wavivu.

Jambo jingine ni vita. Katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalipita Ugogo. Waingereza waliingia Dodoma mwaka 1916. Majeshi yote mawili yalichukua nafaka, ng'ombe, na wanaume wa kubeba mizigo. Mvua ikakosekana juu ya hayo. Ndiyo njaa ya Mtunya, kati ya miaka ya 1917 na 1920, ambayo wazee wetu waliihadithia mpaka juzi. Maelfu walikufa, na wengine walihama wasirudi. Kwa hiyo katika miaka ya 1920, Mgogo alikuwa akianza upya kutafuta ndama wa kwanza wa zizi.

Kilimanjaro katika miaka hiyo hiyo kulikuwa na habari nyingine. Kahawa ilikuwa imeletwa na wamisionari wa Kikatoliki wa Kilema. Baada ya vita, Bwana Charles Dundas, aliyekuwa mtawala wa wilaya ya Moshi, aliwahimiza Wachaga waipande wenyewe. Walowezi wa Kizungu hawakupenda. Waliogopa kushindana nao na kukosa vibarua. Mwaka 1925 Wachaga wakaunda chama chao cha wakulima wa kahawa. Mwaka 1933 kikazaliwa chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, kiitwacho KNCU. Ushirika huo ulikusanya kahawa ya wakulima wadogo, ukaiuza kwa pamoja, na kila mwanachama akapata malipo kwa karatasi.

Neno “karatasi” liangalieni. Mwenye kahawa alipewa stakabadhi yenye uzito na bei. Asiyejua kusoma alipunjwa, au aliogopa kupunjwa. Basi mzazi akaona faida ya shule kwa macho yake mwenyewe, tena akawa na fedha za karo. Kule Ugogo shule za misheni zilikuwapo, lakini karo ilitoka wapi mwaka wa jua? Na nani achunge ng'ombe mtoto akiwa darasani? Ndiyo maana nasema wamisionari walianzia kwetu, lakini shule zilistawi zaidi kule. Mwalimu peke yake hatoshi. Lazima pawe na mazao ya kumlipa. Kisha aliyesoma akawa karani, mwalimu au mfanyabiashara, akamsomesha mdogo wake. Kizazi kimoja kikakisukuma kingine.

Msidhani, ndugu zangu, kwamba kule kila mtu alikula asali. Kihamba hakiongezeki. Kwa desturi kilirithiwa na wana wa kiume, hasa mkubwa na mdogo kabisa, na binti hakupewa. Wale wa katikati waende wapi? Wakaenda mijini kutafuta maisha, na ndio hao mnaowaona na maduka Dodoma, Mwanza na Dar es Salaam. Kwa hiyo duka lile la barabarani mara nyingi halikuzaliwa na utajiri wa ardhi. Lilizaliwa na ufinyu wa ardhi. Tena wanawake wa mlimani walibeba majani kichwani kutoka tambarare kuwalisha ng'ombe wa ndani. Na bei ya kahawa duniani ilipoanguka baada ya mwaka 1989, wengi waling'oa mibuni wakapanda mboga. Wapo Wachaga maskini wengi tu, hasa walioshushwa kuishi nyanda za chini zenye ukame kama wetu.

Wala Ugogo haikuwa tupu. Desturi ya kumkopesha rafiki ng'ombe akae naye, anywe maziwa, ilikuwa bima kabla ya kuwapo kampuni za bima. Mifugo ya mtu mmoja ilitawanyika mahali pengi, hivyo ugonjwa haukuimaliza yote. Na ngoma! Marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, alichukua zeze na ilimba za Kigogo akawapigia watu wa Ulaya wakasimama. Lakini turudi kwenye somo.

Baada ya Uhuru serikali ilijaribu kupunguza tofauti hizi. Mwaka 1969 shule nyingi za misheni zilifanywa za serikali. Katika miaka ya 1970 nafasi za sekondari ziligawanywa kwa mikoa, ili mikoa iliyokuwa nyuma isiachwe. Mwaka 1977 ukaja mpango wa elimu ya msingi kwa watoto wote. Wako waliolalamika kule Kilimanjaro kwamba watoto wao walifaulu wakakosa nafasi, na malalamiko yao yalikuwa na maana. Kwa kujibu, wazazi wakajenga shule zao wenyewe. Tofauti zilipungua, hazikwisha. Mpaka leo Kilimanjaro iko miongoni mwa mikoa ya mbele kwa kusoma na kuandika.

(Kiongozi azime redio. Ulizeni: Je, ilikuwa haki kugawanya nafasi za shule kwa mikoa? Asikilizwe kila mtu, hata asiyekubaliana na wengi.)

Sasa tuingie Makutupora yenyewe. Jua lile lile linalounguza mahindi ndilo linalotia utamu katika zabibu. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na hapa Makutupora kipo kituo cha utafiti wa zao hilo. Huenda hii ndiyo kahawa yetu, yaani zao la kuuza lisilonyang'anya uji wa watoto. Ila kahawa ilipata nguvu kwa ushirika. Mwenye zabibu anayeuza peke yake, zabibu zikiwa zimeiva na haziwezi kungoja, hupangiwa bei na mnunuzi.

Maji nayo yako chini ya miguu yetu. Visima vya Makutupora ndivyo vinavyonywesha mji wa Dodoma kwa sehemu kubwa. Vipimo vyake vimeandikwa tangu miaka ya 1950, na vinaonyesha kwamba maji ya chini hujaa hasa katika misimu michache ya mvua kubwa mno, kama ile ya 1997 na 1998. Miaka mingine hayaongezeki, yanatumika tu.

Na mwisho ni ardhi. Mwaka 1973 iliamuliwa kwamba Dodoma iwe makao makuu. Bunge lilihamia mwaka 1996, na tangu 2016 serikali ilianza kuhamia kwa nguvu. Tazameni hesabu. Mkoa wa Dodoma ulikuwa na watu 2,083,588 mwaka 2012, na 3,085,625 mwaka 2022. Umeongezeka watu zaidi ya milioni moja. Kilimanjaro ilikuwa na 1,640,087, ikafika 1,861,934, yaani nyongeza ya watu 221,847 tu. Watu wanatoka kule, wanakuja huku. Wachaga walikosa ardhi wakapata karatasi. Sisi tulikuwa na ardhi pasipo karatasi, na sasa wenye karatasi wanakuja kuinunua.

Sisemi mgeni ni adui. Ni jirani, na watoto wake wanasoma na wetu. Lakini baba akiuza ekari tatu za mababu kwa bei ya pikipiki, akatia dole gumba chini ya maandishi asiyoyajua, pikipiki itachakaa na ardhi haitarudi. Basi kabla ya kutia dole, yasomeni mambo haya katika karatasi: jina la muuzaji na la mnunuzi, ukubwa wa shamba, mipaka yake, tena kwa kutaja majirani, fedha kwa tarakimu na kwa maneno, tarehe, na majina ya mashahidi. Ulizeni ofisi ya mtaa na ofisi ya ardhi ya jiji kama eneo limepimwa, na kama hati imetolewa na kwa jina la nani. Mke naye awepo, ajue, aandikwe. Shamba ambalo mama amelipalilia miaka 30 haliuzwi kwenye kilabu cha pombe.

Juma lijalo kila mwanafunzi aje darasani na karatasi moja ya nyumbani kwake: stakabadhi, hati, barua, yoyote ile. Tutaisoma mstari kwa mstari. Asiye na karatasi aje na kipimo cha shamba lake kwa hatua za miguu, urefu na upana, na viongozi watamsaidia kuandika.