Jumla na Walioijibu

Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,152,958 katika Mkoa wa Katavi. Miaka kumi kabla, katika sensa ya 2012, mkoa huo ukiwa ndiyo kwanza umemegwa kutoka Rukwa, walihesabiwa watu 564,604. Wasomaji wetu wa Visiwani watauliza Mpanda inawahusu nini. Inawahusu, kwa kuwa katika muda huo huo Zanzibar ilitoka watu 1,303,569 ikafika 1,889,773, na pande zote mbili viongozi wanagawa madarasa, zahanati na visima kwa kutazama jumla za namna hii.

Jumla hizo hakuna mtu mmoja aliyezihesabu. Kila karani alikuwa na eneo lake na kishikwambi chake, na swali lilikuwa moja kwa wote: nani alilala hapa usiku wa kuamkia Agosti 23? Swali hilo lilitungwa kwa hekima. Mfanyabiashara wa Mpanda aliyelala Karema usiku ule alihesabiwa Karema, wala hakuhesabiwa tena nyumbani kwake.

Twayasema haya kwa sababu sasa maofisi yanahifadhi majalada katika kompyuta, na majalada yakiwa mengi hugawanywa katika kompyuta nyingi. Ipo programu iitwayo Elasticsearch, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2010, ifanyayo kazi hiyo. Ukiiuliza ni majalada mangapi yanayotaja mgogoro wa ardhi, kompyuta iliyopokea swali hulipeleka kwenye kila fungu la majalada. Kila fungu huhesabu ya kwake na kurudisha tarakimu tu. Majalada yenyewe hayatoki mahali pake. Kisha tarakimu hujumlishwa. Kila fungu huwa na nakala zake za akiba, lakini huulizwa nakala moja tu, isije ikawa jalada moja limehesabiwa mara mbili. Ni hekima ile ile ya usiku mmoja wa sensa.

Lililotuvutia zaidi ni kwamba pamoja na jumla, programu hiyo hutaja mafungu mangapi yameulizwa, mangapi yamejibu na mangapi yameshindwa. Aidha, tangu toleo la 7 la mwaka 2019, mtu anapotafuta kwa njia ya kawaida, haijisumbui kuhesabu kikamilifu kupita 10,000. Husema wazi kwamba ni 10,000 au zaidi. Asiyesoma neno hilo la pili atapeleka 10,000 kwa mkubwa wake kana kwamba ndiyo hesabu kamili. Ipo njia ya kuomba hesabu kamili, nayo yafaa itumike pale fedha za umma zinapogawanywa.

Je, taarifa zetu za makaratasi hufanya hivyo? Mkoa wa Katavi una halmashauri tano: Manispaa ya Mpanda, Nsimbo, Tanganyika, Mlele na Mpimbwe. Ikiwa nne zimeleta idadi ya wanafunzi wanaokaa chini na ya tano haijaleta, jumla ya nne ikapanda ngazi kwa jina la mkoa mzima, basi watoto wa halmashauri ile wamekwisha kukosa madawati kabla mjadala haujaanza. Tumbatu na Kojani nako ni hivyo hivyo, siku chombo kisipovuka na karatasi. Asiyejibu huhesabiwa kuwa hana kitu, na mara nyingi asiyejibu ndiye aliye mbali zaidi na mwenye shida zaidi. (Afisa wa mbali naye akumbuke kwamba kuchelewa kwake kuna gharama.)

Kwa hiyo twawaomba wakuu wa idara, Bara na Visiwani, waongeze mistari miwili chini ya kila jumla: ofisi zilizoulizwa, na ofisi zilizojibu. Halmashauri moja ikichelewa, fomu ya Katavi iandikwe 4 kati ya 5, na nafasi ya ile iliyobaki iachwe wazi, isijazwe sifuri.