Maji ya Sabili: Binti wa Sori na Mji wa Doha

Nilikuwa nimefika Sori, mji mdogo wa ghuba ya Karungu katika Kaunti ya Migori, ili niandike habari za kufungwa kwa uvuvi wa omena, amri ambayo kila mwaka huwapumzisha wavuvi wa upande wetu wa Ziwa Victoria tangu Aprili hadi mwisho wa Julai, wapende wasipende. Lakini habari hiyo sikuiandika, kwa sababu pale mwaloni, katikati ya mashua zilizovutwa nchi kavu na nyavu zisizo na kazi, binti mmoja aliyekuwa nyumbani kwa likizo alitaja jambo aliloliona Doha, nchini Qatar, na jambo hilo likanikaa moyoni hata yale niliyoyaendea yakapungua thamani.

Binti huyo, ambaye mama yake ni mchuuzi wa omena, na ambaye aliniomba nisimtaje jina, anasoma elimu ya mazingira katika Education City, mtaa mzima wa vyuo vikuu uliojengwa na Qatar Foundation, taasisi iliyoasisiwa mwaka 1995. Nilitazamia anisimulie fahari za mji ule, naye hakuninyima: alizitaja treni zisizo na dereva, zilizoanza kubeba abiria mwaka 2019, na maktaba ya taifa iliyofunguliwa rasmi mwaka 2018, ambamo huweza kukaa hata usiku akisoma, na msikiti wa pale chuoni uliobebwa juu ya nguzo tano. Alizitaja upesi, kisha akarejea kwenye jambo lile lililonikaa moyoni: bomba la maji.

Bomba lenyewe, kwa maelezo yake, si kitu cha kutazamwa. Ni sanduku la chuma lisilopata kutu, lililopachikwa upande wa nje wa ukuta wa nyumba ya mtu, chini ya kipaa kidogo cha kuzuia jua, lenye vijibomba viwili au vitatu na mtambo ndani yake unaoyapoza maji mchana kutwa na usiku kucha kwa umeme wa mwenye nyumba. Halina kufuli wala mlinzi. Apitaye na kiu hunywa, mwenye chupa huijaza, na mwenye nyumba hatoki kutazama ni nani. Mahali pengine limeandikwa jina la mzazi aliyefariki, kwa kuwa maji hayo yametolewa sabili, sadaka ya kudumu, ili kila mwenye kunywa amwombee marehemu. Aliliona mara ya kwanza katika wiki zake za mwanzo, alipokuwa akitembea alasiri moja ya Septemba, wakati hewa ya Doha humshika mtu kooni kwa joto na unyevu, na aliyemwonyesha jinsi ya kulibonyeza alikuwa mlinzi wa lango jirani, Mkenya mwenzake, aliyemwambia, “Kunywa, dada, hapa hakuna wa kukuuliza.” Alikunywa, asema, kisha akasimama pale kwa muda, akiona haya asiyoweza kuielewa.

Haya hiyo ndiyo iliyompeleka kwenye vitabu. Qatar haina mto hata mmoja, wala ziwa. Mvua yake ni ya siku chache. Na karibu maji yote ya kunywa nchini hutolewa baharini, katika mitambo mikubwa kama ile ya Ras Abu Fontas, Ras Laffan na Umm Al Houl, ambako maji ya chumvi huchemshwa hata yakawa mvuke na mvuke ukarudishwa kuwa maji, au husukumwa kwa nguvu nyingi kupenya chujio laini mno lisilopitisha chumvi, na kazi yote hiyo hula nishati itokanayo na gesi. Chumvi iliyobaki hurudishwa katika Ghuba, bahari ambayo kina chake kwa wastani ni kama mita 35 tu, nayo yazidi kukolea chumvi. Suala hili walimu wake hulijadili bila kulipatia jawabu, na yeye pia hana jawabu.

“Mzee,” aliniambia, akielekeza mkono ziwani, “wale wanaanza kwa kuondoa chumvi. Sisi hatuna chumvi ya kuondoa.”

Nilitazama alikoelekeza. Ziwa Victoria lina kilomita za mraba zipatazo 68,800, na maji yake ni matamu mpaka ukingoni. Na pale ukingoni, asubuhi ile, palikuwa na punda waliofungwa mitungi ya lita 20, mtoto aliyekuwa akioga, mama aliyekuwa akifua, na ng’ombe walioingia hata magotini, wote katika hatua chache za mahali wachotaji walipokuwa wakiinamisha mitungi yao. Kwamba maji ya ukingo huo yana konokono wanaoeneza kichocho, na kwamba kipindupindu kimekwisha kuzizuru pwani hizi, hakuna mtu wa Sori asiyelijua. Binti mwenyewe alichota hapo kila alfajiri kabla ya kwenda shule, na akiwa likizoni huchota bado.

Nilimkabili kwa hoja iliyo dhahiri, kwamba Qatar ni tajiri nasi ni maskini. Hakuikataa, ila aliniambia kwamba kusafisha maji ya ziwa ni kazi nyepesi kuliko kuyatoa chumvi maji ya bahari, na kwamba lile bomba la ukutani halikuwekwa na serikali, bali na mtu mwenye nyumba. Tena hakutaka nimdhanie amepumbazwa na Doha. Wanywaji wa bomba lile, asema, aghalabu ni vibarua, walinzi na madereva waliotoka mbali, ambao sheria huwakataza kufanya kazi juani tangu saa nne asubuhi hata saa tisa na nusu alasiri, kuanzia Juni mosi hadi Septemba 15, na ambao kima cha chini cha mshahara wao, tangu Machi 2021, ni riyali 1,000 kwa mwezi. Yule mlinzi aliyemwonyesha bomba hajawaona wanawe kwa miaka. Mkono unaotoa maji bure na mkono unaolipa ujira ule ni wa mji mmoja, na binti huyu bado hajajua ayapatanishe vipi mambo hayo mawili. Wala mimi sikuweza kumsaidia.

Mama yake, aliyekuwa akisikiliza huku akikunja turubai la kuanikia omena, alitaka kujua watu hao walikuwa nani kabla ya gesi. Bintiye akamweleza kwamba walikuwa watu wa bahari, wapiga mbizi wa lulu, hata lulu zilizokuzwa na Wajapani na kudorora kwa biashara ya dunia vikaliua soko lao katika miaka ya 1930. Mama akatikisa kichwa kwa huruma ya mtu ambaye bidhaa yake pia imefungwa. Kisha akauliza: “Sasa hao wasio na ziwa wanakunywa, na sisi je?”

Swali hilo nawapelekea wenye madaraka ya maji katika Kaunti ya Migori, na wenye maduka na nyumba za wageni ambazo kuta zake zinalitazama ziwa. Wekeni bomba moja la maji safi pale mwaloni Sori, upande wa nje wa ukuta, lisilo na kufuli, kabla mashua za omena hazijarudi majini mwezi wa Agosti.