Mustang ya Nyegezi: hesabu kabla ya kutuma pesa

Jioni nje ya stendi ya Nyegezi, Mwanza, magari madogo yanayosubiri abiria wa mabasi ya mikoani karibu yote ni ya Kijapani: IST, Spacio, Raum, Noah. Mwenye kutaka gari la nguvu hutafuta Crown Athlete, Toyota ya injini ya V6 yenye cc 2,500, inayosukumwa na tairi za nyuma. Mafundi wa Mkolani na Buhongwa wameizoea kiasi cha kutambua ugonjwa wake kwa sikio. Lakini wapo wanaotamani zaidi ya hapo. Wanataka Mustang, na swali lao linastahili jibu la aliyepiga hesabu, maana pesa yenyewe inatosha kujenga nyumba.

Jambo la kwanza kutazama ni usukani, kabla ya injini na rangi. Ford iliizindua Mustang Aprili 1964, lakini ilichukua nusu karne kuanza kuitoa kiwandani Flat Rock, Michigan, ikiwa na usukani wa kulia. Hilo lilikuja na toleo la 2015. Wenzake wa Kimarekani hawakufika huko: Dodge Challenger haikuwahi kutengenezwa kiwandani kwa usukani wa kulia hadi uzalishaji wake ulipokoma Desemba 2023, na Chevrolet Camaro, iliyokoma mwezi huohuo, ilipata usukani wa kulia kwa kubadilishiwa huko Australia. Dereva wa usukani wa kushoto akiwa nyuma ya lori kati ya Usagara na Shinyanga hulazimika kutoa karibu gari zima nje ya mstari ndipo aone kinachokuja mbele. Hapo hakuna nguvu ya injini itakayomsaidia.

Kwenye usukani ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu mkono umezoea kuagiza Japani. Ford ilifunga biashara yake Japani mwaka 2016, na Mustang zilizouzwa kule zilikuwa na usukani wa kushoto. Ya usukani wa kulia hutafutwa Uingereza, Australia au Afrika Kusini. Ya Uingereza ina faida moja kubwa: serikali yao imeweka wazi mtandaoni, bila malipo, historia ya ukaguzi wa kila mwaka wa gari. Ukiandika namba ya usajili unaona kilomita au maili zilizosomwa kila ukaguzi na kasoro zilizokutwa. Ubaya wake ni chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi kali, ambayo hula chuma cha chini taratibu. Picha za juu hazitoshi. Muuzaji aombwe picha za gari likiwa limenyanyuliwa.

Kisha kodi. TRA, mamlaka ya mapato, ina kikokotoo chake mtandaoni, na thamani inayotumika ni ile iliyomo kwenye mfumo wao, hata kama risiti ya muuzaji inasema kingine. Chukua gari lililothaminiwa shilingi milioni 60 likiwa limefika bandarini. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 ni milioni 15. Ushuru wa bidhaa wa asilimia 10, kwa injini inayozidi cc 2,000, ni milioni 7.5. VAT ya asilimia 18 juu ya vyote ni milioni 14.85. Gari limeshafika milioni 97 na ushee, na hapo bado tozo ya reli, ada za forodha, wakala na usajili. Likiwa limevuka miaka 10 huongezwa asilimia 30 ya uchakavu, na jumla inapanda hadi karibu milioni 124. Kodi imeipita bei ya gari. Ndiyo maana Mustang ya 2015 inayoonekana rahisi kwenye tangazo inaweza kugharimu zaidi ya ya 2019. Na anayekimbilia injini ndogo ya lita 2.3 akidhani atapona ajue kwamba nayo imezidi cc 2,000; kiwango ni kilekile.

Kuna sababu nyingine ya kuchagua ya 2018 kwenda mbele. Januari 2017 Euro NCAP, wapimaji wa usalama wa magari barani Ulaya, waliipa Mustang nyota mbili tu kati ya tano, mojawapo ya sababu ikiwa mito ya hewa ya mbele kutojaa vya kutosha. Baada ya maboresho, toleo lililofuata lilipata nyota tatu. Kwa gari la bei hii bado ni chache, na mwenye watoto alizingatie hilo.

Gari likishafika, fundi mzuri huanza na milango. Hupitisha kidole kwenye mshono kati ya mlango na fenda, juu hadi chini. Mshono ukipanuka njiani, huenda gari limewahi kugongwa. Halafu hufungua boneti na kutazama vichwa vya nati: rangi iliyochubuka huonyesha spana ilipita hapo.

Mafuta nayo yasipuuzwe. Kwa vipimo vya Marekani, Mustang ya V8 yenye gia za mkono hunywa karibu lita 16 kwa kilomita 100 mjini. Safari ya Nyegezi hadi katikati ya Mwanza na kurudi, kilomita 20 hivi, ni lita tatu na ushee; siku 25 za kazi ni lita 80, kwa bei ya EWURA, mdhibiti wa nishati, ambayo Mwanza huwa juu kuliko Dar es Salaam. Nguvu zote hizo, zaidi ya farasi 400, zitatambaa kwa kilomita 50 kwa saa kwenye makazi, trafiki wakiwa na tochi pembeni.

Tumbo la gari liko takriban sentimita 14 kutoka ardhini. Mnunuzi achukue futi kamba, atembee kutoka lami hadi getini kwake, apime kila jiwe na kila mtaro. Nyumba nyingi za Nyegezi zimekaa juu ya miamba, na njia zake hazikuchongwa kwa ajili ya gari la namna hiyo. Crown ikivunja bampa, mwenye nayo ana matumaini ya kupata jingine la mtumba mjini. Bampa la Mustang huagizwa ng'ambo, lisafiri, lilipiwe ushuru, na wakati wote huo gari limelala uani chini ya turubai.