Samaki Unayemuuza Alivuliwa Wapi, na kwa Chombo Gani?

Wafanyabiashara wengi wa samaki katika kaunti yetu ya Kilifi huamini kwamba uvuvi haramu ni kesi kati ya mvuvi na maafisa wa doria, na kwamba mwenye duka, hoteli au karai la kukaangia hana lake hapo. Sheria haisemi hivyo. Chini ya Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya mwaka 2016, anayenunua au kuuza samaki aliyevuliwa kwa njia iliyokatazwa anaweza kufikishwa mahakamani sawa na aliyemvua. Kwa hiyo swali la samaki huyu katoka wapi linamhusu kila anayeshika mizani, kuanzia Mtwapa hadi Marereni.

Tuanze na vyombo. Juya na bunduki za kuchomea samaki zimepigwa marufuku nchini tangu mwaka 2001, na nyavu za uzi mmoja wa plastiki, sumu na baruti pia haziruhusiwi. Juya ndilo linaloleta ubishi mwingi kwa sababu linaajiri vijana wengi kwa wakati mmoja. Lakini hukokotwa chini kabisa, likang'oa nyasi za bahari na kuvunja matumbawe, na hubeba kila kilichomo, wakiwemo changu na tafi ambao hawajawahi kuzaa hata mara moja. Mshipi na malema huchagua zaidi, na aliyenasa akiwa mdogo anaweza kurudishwa majini angali hai.

Mbona basi juya halijaisha baada ya miaka yote hii? Sehemu ya jibu iko sokoni. Katika bandari nyingi za Pwani, mvuvi hana mtaji. Tajiri ndiye anayempa wavu, mafuta ya mashine na hata pesa za unga kipindi cha kusi bahari inapochafuka. Mvuvi naye hulipa kwa kumuuzia tajiri huyo pekee, mara nyingi kwa bei anayopangiwa. Ukitazama kwa makini utaona kwamba chombo kinachoingia majini huamuliwa na mwenye pesa aliye nchi kavu. Tajiri akikataa kununua samaki wa juya na kukopesha mishipi au malema badala yake, mvuvi hubadilika haraka kuliko anavyobadilishwa na msako wa siku moja.

Hapa inafaa kusema jambo kwa haki ya kina mama karanga. Mara nyingi lawama ya samaki wadogo hutupiwa wao, kwa kuwa mtaji wao ni mdogo na wateja wao hununua kipande kimoja kimoja. Lakini si kila samaki mdogo ni mtoto. Simu ni mdogo kwa maumbile yake, na akivuliwa kwa chombo halali hana tatizo lolote kwenye karai. Changu au tewa mwenye urefu wa kiganja ni habari nyingine, kwani huyo ni kinda. Na hoteli zinazoagiza samaki wa kutosha sahani moja, mzima na kichwa chake, zinachangia kuwamaliza makinda hao kuliko mama wa karai anavyochangia. Mpishi anaweza kubadilisha hilo bila hasara yoyote akikubali vipande vya samaki mkubwa, au akipika jodari na nguru wa bahari kuu badala ya kung'ang'ania samaki wa miambani.

Pweza anaonyesha vizuri zaidi faida ya kungoja. Huishi takriban mwaka mmoja tu, na jike hutaga mara moja maishani, akayalinda mayai bila kula mpaka yaanguliwe, kisha akafa. Lakini hukua upesi mno. Akiwa bado mdogo anaweza kuongeza uzito wake maradufu ndani ya mwezi. Mnunuzi anayekataa pweza mdogo leo humpata mzito baada ya wiki chache, kwenye mwamba ule ule. Wanakijiji wa Andavadoaka huko Madagaska walilijaribu hili mwaka 2004 kwa kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa, na utaratibu huo ukaenea nchi nyingine za Bahari ya Hindi, pamoja na Pate kule Lamu.

Sisi hatuna haja ya kwenda mbali. Wavuvi wa Kuruwitu walitenga takriban hekta 30 za bahari yao katikati ya miaka ya 2000 na kukubaliana pasivuliwe. Matumbawe yalirudi, samaki wakaongezeka, na wengine huvuka mpaka na kuingia kwenye malema ya wanaovua nje. Anayenunua samaki kutoka bandari yenye eneo la aina hiyo anawaunga mkono waliojinyima.

Sasa, mnunuzi aulize nini? Aulize bandari aliposhushwa, chombo kilichotumika na siku aliyovuliwa. Majibu haya yapo. Vikundi vya usimamizi wa fuo, BMU, vilivyowekwa na kanuni za mwaka 2007, vina wajibu wa kuweka rekodi za samaki wanaoshushwa. Mchuuzi anayeleta mzigo awe na leseni ya biashara ya samaki na kibali cha kusafirishia. Akikujia usiku na ndoo iliyofunikwa gunia, bei nusu na maelezo hana, unajua unachouziwa. Kasa ndiyo usiulize kabisa: ni mnyama anayelindwa na sheria, nyama wala mafuta yake hayauzwi.

Kuna pia suala la barafu, ambalo ni la afya zaidi ya mazingira. Jodari na una wakikaa juani huzalisha histamini, sumu inayoleta wekundu wa ngozi, kuumwa kichwa na kutapika, na kupika hakuiondoi. Samaki aliyeoza ni samaki aliyevuliwa bure, kisha mwingine huvuliwa kuziba pengo.

Kwenye supamaketi, soma pakiti. Tilapia nyingi za barafu zinazouzwa nchini zimetoka Uchina, na hakuna ubaya mteja akijulishwa. Ubaya ni kuziweka mezani bila maelezo, mteja akadhani ni ngege wa Ziwa Viktoria.

Mwenye duka asiye na hakika na mzigo, au mkazi aliyeona juya likikokotwa, anaweza kufika kwa ofisi ya BMU ya bandari iliyo karibu au kwa afisa wa uvuvi wa kaunti ndogo yake.